Kuingia Chuo Kimoja na Moyo Uko Kingine



Mwezi uliopita, ibada ya Jumapili ilipokwisha, mzee mmoja wa usharika wetu hapa Kinampanda alitungoja nje ya kanisa chini ya mti, amefuatana na mwanawe. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, akatupa tuisome. Ilikuwa habari ya kwamba kijana huyo amepata nafasi katika chuo cha mbali, wala si kile alichokitaka kwanza. Mzee akasema, "Mwalimu, sisi nyumbani tumekwisha kushauriana. Ataingia huko kwanza, na akishaingia atahama. Wewe waonaje?" Kijana alitazama chini, asiseme neno.

Hatukuweza kumjibu mara moja. Maana maneno hayo, "ingia kwanza, ukishaingia utahama," tuliyasikia sisi wenyewe mwaka 2010 kutoka kinywani mwa baba yetu, tukayatii, na matata yaliyotoka humo hatujayasahau hata leo. Basi tulimwomba mzee atupe siku chache. Haya tunayoyaandika ndiyo jawabu lake, nasi twaona yafaa na wengine wayasome, kwani barua za namna ile hufika katika nyumba nyingi.

Sisi tulizaliwa Kilimanjaro, tukasomeshwa katika shule ya Kanisa, na tulipomaliza kidato cha nne tuliomba kazi ya ualimu. Tamaa yetu ilikuwa chuo kimoja kilicho karibu na kwetu, ambapo mama angeweza kutuletea ndizi siku ya Jumamosi na kurudi nyumbani kabla jua halijatua. Badala yake tukaandikiwa Kinampanda, katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida. Baba aliazima ramani ya shule, akaitafuta Singida kwa kidole, akapima kwa vidole umbali wa kutoka Moshi, kisha akanyamaza kitambo. Ndipo aliposema neno lile. Nasi tulifurahi, maana tuliona tumepewa ruhusa ya kwenda bila ya kwenda.

Siku zile barabara ya kutoka Babati mpaka Singida ilikuwa bado ya vumbi. Tuliupita mlima Hanang ukiwa upande wetu, tukaendelea mpaka nchi ya mawe makubwa yaliyopandana kama yaliyowekwa na mkono wa mtu, na siku ya pili tukapanda uwanda wa juu wa Iramba. Ilikuwa kiangazi. Upepo ulikuwa mkali na wa baridi, majani yamekauka, na ng'ombe walikuwa wakirudi kisimani katika vumbi jekundu. Kwetu mvua hunyesha kwa majira mawili, masika na vuli, na migomba haiishi ukijani mwaka mzima. Hapa mvua ni majira mamoja tu, na mtu asiyelima katika majira hayo atangoja mpaka mwaka mwingine. Tulipoona hayo tulisema moyoni, "Hapa si petu." Tuliamini ya kuwa neno hilo ni la akili, kumbe lilikuwa la kiburi.

Ilitupasa kujua tumefika mahali gani. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walikwisha kufika Iramba kabla ya Vita Kuu ya 1914. Baada ya vita ile wakaja Walutheri wa Marekani, wale wa Augustana, ambao asili ya wazee wao ni Uswidi, na ndio walioifanya Kinampanda kuwa mahali pa kufundishia walimu. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, shule na vyuo vingi vya makanisa vikawekwa mikononi mwa Serikali, na chuo hiki leo ni cha Serikali. Basi walimu waliotoka katika majengo hayo wamefundisha watoto wa nchi hii kwa miaka mingi kuliko umri wetu. Lakini sisi tuliingia humo kama mtu aingiaye katika kibanda cha njiani kukwepa mvua.

Tulikuwa na sanduku la bati, lililonunuliwa sokoni Moshi, lenye kufuli. Wenzetu siku ya kwanza walifungua masanduku yao, wakatundika nguo zao, wakapanga vitabu vyao mezani. Sisi tulitoa shuka moja na sare mbili, tukafunga kufuli tena. Jirani wa kitanda akatuuliza, "Mbona hufungui, ndugu?" Tukamjibu kwamba sisi ni wapita njia. Akacheka, akasema, "Sote ni wapita njia, lakini wapita njia nao huvaa mashati."

Wahenga walisema mgeni mpe siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi jembe tulipewa. Chuoni kulikuwa na bustani, na kila mwanafunzi alikatiwa kipande chake. Wenzetu walipalilia na kupanda mboga, nao wenyeji wakatuonyesha namna ya kuyahifadhi maji. Sisi tulilishika jembe siku za zamu tu, tukakwangua juu juu, maana tulijiambia, "Kwa nini tupande ambacho hatutakila?" Mvua ziliponyesha, vipande vya wenzetu vikawa kijani, na chetu kikaota magugu, tena mbele ya njia ambapo kila mtu hupita.

Magugu ya bustani huonekana, lakini yako mengine yaliyoota mahali ambapo hapana aonaye. Maandiko ya masomo tuliyaandika katika karatasi moja moja, maana tulidhani huko tuendako tutaanza upya. Kinyiramba hatukujifunza, hata salamu tuliitikia kwa Kiswahili, ingawa mabibi wa sokoni walifurahi sana mgeni akijaribu kuwaamkia kwa lugha yao. Ugali wa mtama na mlenda tulikula kwa kunung'unika. Rafiki tulikuwa naye mmoja tu, yule jirani wa kitanda, naye kwa sababu hakukubali kuachwa. Kwa jumla tulipoteza miezi minane. Hatukukaa Kinampanda, wala hatukukaa kwetu.

Wakati huo wote tulikuwa tukiulizia habari za uhamisho. Tuliambiwa ya kwamba si jambo jepesi. Walakini, akipatikana mwenzetu wa masomo yale yale na mwaka ule ule, atakaye kuja huku nasi twende kule, wakuu wa vyuo viwili wakikubali na Wizara ikiruhusu, neno hilo laweza kuangaliwa. Basi tukatafuta kwa simu na kwa barua, hata tukampata. Alikuwa kijana mzaliwa wa Iramba hii hii, aliyepelekwa chuo cha kaskazini, karibu na kwetu. Yeye alitaka kurudi nyumbani kwa sababu iliyo nzito kuliko yetu: baba yake alikwisha kufariki, na mama yake alikuwa mgonjwa, naye anakaa na mtoto mdogo wa kiume tu.

Tukakubaliana. Akaandika barua yake ya kuomba kubadilishana, akatia sahihi, akatupelekea, ili nasi tutie yetu na kuzipeleka zote mbili kwa mkuu wetu. Barua hiyo ilitufikia mwisho wa mwaka wa kwanza wa masomo, siku tatu kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Tukaiweka katika lile sanduku la bati, tukafunga kufuli, tukasema, "Tutaipeleka wiki hii."

Mazoezi yetu yalikuwa katika shule ya msingi ya kijiji, nasi tulipewa darasa la tatu. Katika darasa hilo walikuwamo watoto kumi na mmoja wasioweza kusoma sentensi moja, ingawa kuimba herufi waliweza vizuri. Mmoja wao alichelewa kila siku. Mwalimu wa zamu alikuwa akimwadhibu, nasi tulitaka kufanya vivyo hivyo, lakini siku moja tulimfuata baada ya masomo, tukaona ya kuwa huamka alfajiri kwenda kuwanywesha ndama kisimani, na kisima ki mbali. Tukaacha kumwuliza kwa nini amechelewa, tukaanza kumpa dakika ishirini za kusoma wakati wenzake wakicheza. Watoto wengine wakaona, nao wakaja. Baada ya wiki tatu yule mchunga ndama alisoma mstari mzima ubaoni bila kusaidiwa, akageuka kututazama kama mtu aliyeona nyumba yake kwa mara ya kwanza.

Jioni ile tulifungua sanduku. Tuliyatundika mashati yetu katika chumba tulichopangishiwa, tukapanga vitabu. Barua ya mwenzetu ilikuwa chini kabisa. Tuliisoma, tukairudisha mahali pake.

Hapo ndipo lilipoanza kosa letu tunalotaka kulieleza, kwani yaliyotangulia yalikuwa upumbavu wa ujana tu. Sisi tulikuwa hatutaki tena kuhama. Neno hilo si baya; mtu ana ruhusa ya kupenda mahali alipokuwa hapapendi. Lakini hatukumwambia mwenzetu. Alipiga simu, tukamwambia kwamba mambo yanaendelea. Akaandika, nasi tukajibu kwamba twangoja mazoezi yaishe. Tulijidanganya tukisema kwamba labda moyo utageuka tena, na kwamba si vizuri kufunga mlango ambao huenda tukauhitaji. Wahenga husema njia mbili zilimshinda fisi. Fisi yule alipata hasara peke yake, bali sisi njia zetu mbili zilimpita mtu mwingine kifuani.

Siku ya mwisho ya mazoezi, mchunga ndama alituletea karanga zilizofungwa katika karatasi ya daftari. Akauliza, "Mwalimu, nawe utaondoka?" Tukamwambia kwamba tunarudi chuoni tu, si mbali. Tulipokuwa njiani tukaona aibu, maana mtoto tulimjibu kweli upesi, na mtu mzima mwenzetu tulikuwa tumemnyima kweli hiyo kwa wiki nyingi.

Tuliazimu kumwandikia wiki ile ile. Kabla hatujaandika, simu ikaja: mama yake amefariki.

Kijiji cha mama huyo wakati ule kilikuwa bado katika Iramba. Siku hizi kiko Wilaya ya Mkalama, iliyotengwa mwaka 2012. Kutoka chuoni ilikuwa safari ya nusu siku tu. Miezi ile yote hatukwenda hata mara moja kumwamkia mama yule mgonjwa, ingawa mwanawe alikuwa kwetu, karibu na mama yetu, nasi tulikuwa karibu na mama yake. Tulikwenda siku ya maziko. Ndipo tulipoonana na mwenzetu uso kwa uso kwa mara ya kwanza, kando ya kaburi, akiwa na vumbi la safari miguuni.

Baada ya watu kutawanyika tulimwambia yote, na barua yake tukaitoa mfukoni. Aliipokea, akaitazama sahihi yake, akaikunja. Kisha akasema, "Hukutaka kuhama, na mimi nisingekulaumu kwa hilo. Ungeniambia tu. Ningetafuta mtu mwingine, au ningeomba ruhusa ya kuja kumwona. Nilikaa kule kwa sababu kila siku nilijua nitakuja kesho." Hakupandisha sauti. Maneno hayo yamekaa nasi muda mrefu kuliko masomo yote ya chuoni.

Hatuwezi kusema ya kuwa kama barua ile ingepelekwa siku ile, Wizara ingeruhusu; wala hatuwezi kusema ya kuwa mama yule angalipona. Watu wema wamejaribu kutufariji kwa maneno hayo. Lakini twajua kwamba mwana angaliweza kukaa na mamaye siku zake za mwisho kama sisi tungalisema neno moja, na neno hilo halikuhitaji ruhusa ya Wizara.

Baadaye tumefikiri sana juu ya jambo hili la kuanza mahali pamoja huku mtu akitazamia pengine. Si dhambi. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Makerere tangu mwaka 1943 hata 1945, akafundisha Tabora miaka mitatu, kisha akaenda Edinburgh mwaka 1949, akapata shahada yake 1952. Hakuishia pale alipoanzia. Lakini angalieni kwamba alipokuwa Makerere alisoma ya Makerere, na alipokuwa Tabora aliwafundisha watoto wa Tabora. Hata vyuo vyenyewe huhama: chuo cha theolojia cha Walutheri kilianza Lwandai katika milima ya Usambara mwaka 1947, na mwaka 1954 kikahamia Makumira, karibu na Arusha. Waliosoma Lwandai hawakungoja Makumira ndipo waanze kuwa wachungaji.

Katika Biblia twasoma habari za Yakobo, jinsi mama yake alivyomtuma Harani akae siku chache tu, mpaka hasira ya ndugu yake ipoe. Siku hizo chache zikawa miaka ishirini. Je, angalikaa miaka ishirini yote akilitazama lango, kondoo wangalichungwa na nani? Kadhalika Yeremia alipowaandikia watu waliochukuliwa Babeli, hakuwaambia wasahau Yerusalemu, wala hakuwaambia wangoje juu ya mizigo yao. Aliwaagiza wajenge, wapande bustani, na wauombee heri mji ule waliopelekwa. Sisi tulipokuwa watoto tulifundishwa habari hiyo, lakini hatukuielewa mpaka tulipoona magugu ya kipande chetu.

Basi, mzee wetu, jawabu letu ni hili. Mpeleke kijana. Ikiwa ana sababu ya kweli ya kuhama, kama ugonjwa nyumbani, au somo analolitaka halipo huko, na aulize mapema, siku za kwanza, wala asingoje. Na aulize pande zote mbili: chuo alichomo, kama chaweza kumwachia, na chuo atakacho, kama kina nafasi na kama yale aliyokwisha kusoma yatahesabiwa. Aulize na habari ya ada na ya mkopo, kama anao. Jibu alipate kwa maandishi, maana maneno ya njiani hayana sahihi. Yako mambo manne ambayo mwanafunzi hawezi kuyashinda kwa tamaa peke yake: sifa, nafasi, ruhusa, na muda. Moja likikosekana, hahami.

Lakini huku akingoja jibu, afungue sanduku. Atundike nguo zake, aandike masomo katika daftari lenye jalada, ajifunze salamu za wenyeji, na kipande chake cha bustani akilime kama atakula yeye. Akihama, atakayekuja nyuma yake atakula, na hapo hakuna hasara. Asipohama, amekwisha kupanda.

Tena, na hili ndilo kubwa, ikiwa katika mpango wake yumo mtu mwingine, basi ajue kwamba ameshika maisha ya mtu mkononi. Ahadi ni deni. Moyo ukigeuka, na aseme siku ile ile. Kusema "nimebadili nia" huumiza mara moja, bali kunyamaza huumiza kila siku, na anayeumia hajui.

Nanyi wazazi, tafadhali msiwaambie watoto neno lile tuliloambiwa sisi, kwa namna ile. Baba yetu alilisema kwa upendo, nasi hatumlaumu; alitaka kutupunguzia uchungu wa safari. Lakini mtoto akiambiwa kwamba mahali aendapo si mahali, atakaa hapo kama si mtu. Mwambieni afadhali, "Nenda ukasome huko, na tukiona lazima tutaomba uhame." Tofauti ni ndogo masikioni, lakini ni kubwa miguuni.

Sisi tulimaliza Kinampanda mwaka 2012, na tulipoulizwa tungependa kufundisha wapi, tuliandika Iramba. Hapo tupo hata leo. Yule mwenzetu alimaliza kaskazini, akapangwa huko huko, na sasa ni mwalimu katika tarafa ya kwetu. Mama yetu humjua, na siku za Jumamosi humpelekea ndizi. Alitusamehe kwa kinywa chake mwaka uliofuata maziko, katika barua fupi ambayo tumeihifadhi katika lile sanduku la bati. Sisi nasi, kila mwaka mvua zinapokwisha, huchukua jembe, tukapanda basi la Mkalama, tukaenda kupalilia kaburi la mama yake. Wajukuu wa mji ule wametuzoea, hutuletea maji ya kunywa. Tumejifunza kuwaamkia kwa Kinyiramba, ingawa bado hucheka jinsi tunavyotamka.

Jumapili ijayo tutampa mzee nakala ya maneno haya, na kijana pia. Nanyi mlio na mtoto aliyepata barua ya chuo cha mbali, tunawaomba mmkumbuke katika sala zenu, yeye na mahali pale aendapo.

Ni sisi, mwalimu wenu,
Kinampanda.